Maine: kwa nini mbunge wa Washington tunampanga kwa chaguo la kwanza na la pili, lakini gavana hatumpangi?

*"Salamu mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, kwetu ni Uvira, sasa naishi Lewiston, Maine. Nilipata uraia, na mwaka 2022 nikapiga kura kwa mara ya kwanza. Karatasi ilinichanganya. Kwa gavana niliambiwa nijaze kiduara kimoja tu, lakini kwa mbunge wa kwenda Washington kulikuwa na chaguo la kwanza, la pili, la tatu. Nikajaza jina moja kote kote ili lipate nguvu, na mpaka leo sijui kama kura yangu ilihesabiwa. Sasa kanisani wanasema Bunge la jimbo letu, kule Augusta, linajadili tena kubadilisha karatasi, ili hata gavana tumpange hivyo hivyo. Wengine wanasema huo ni wizi, eti kuna watu wanapiga kura mara mbili, na kwamba 2018 aliyekuwa anaongoza alinyang'anywa. Wengine wanasema ndiyo haki yenyewe. Jirani yangu anataka twende tukaseme mbele ya kamati ya Bunge. Kiingereza changu si kizuri. Je, mfumo huu ni mzuri au mbaya? Na mtu kama mimi anaruhusiwa kweli kusema Bungeni? Mume wangu bado ana kadi ya kijani, naye anataka kuja."*

Mama, asante kwa swali. Nianze na lile linalokukosesha usingizi: kura yako ya 2022 ilihesabiwa. Ulipojaza jina lile lile kote kote, mashine ilisoma chaguo la kwanza, na mengine ikayaacha kana kwamba hukuyajaza. Mgombea wako hakupata nguvu ya ziada, wala hukumharibia. Katika eneo lenu la pili la uchaguzi mwaka ule walikuwa watatu: Jared Golden, Bruce Poliquin na Tiffany Bond. Hakuna aliyevuka nusu, Bond aliyekuwa wa mwisho akatolewa, karatasi zake zikaangaliwa chaguo lililofuata, na Golden akashinda katika raundi ya mwisho. Kama jina ulilojaza lilikuwa la Golden au Poliquin, kura yako ilisimama naye hadi mwisho na hukupoteza chochote. Kama lilikuwa la Bond, kura yako ilihesabiwa raundi ya kwanza, halafu haikuwa na pa kwenda. Hiyo ndiyo hasara pekee.

Wewe si wa kwanza kujaza hivyo. Watu wengi hudhani kurudia jina ni kulisisitiza. Karatasi haijui kusisitiza. Inauliza swali jingine kabisa: huyu wako akitolewa, unamtaka nani kati ya waliobaki?

Ni kama unavyomtuma mtoto sokoni na kumwambia alete mukeke, kama umeisha achukue sangala, na kama hata sangala hakuna basi ndagala. Mtoto atarudi na kitoweo kimoja. Kutaja majina matatu hakukufanyi ule samaki watatu, na kutaja sangala hakumfanyi mtoto aupite mukeke ulioko mezani. Mpaka hapo umeshajibiwa hoja mbili za kanisani. Hakuna anayepiga kura mara mbili, kwa sababu katika kila raundi kila karatasi inahesabiwa kwa mtu mmoja tu. Na chaguo lako la pili halimdhuru wa kwanza, kwa sababu haliangaliwi kabisa maadamu wa kwanza bado yumo.

Nadhani wewe unaujua mfumo huu kuliko unavyofikiri. Kumbuka Kongo mwaka 2006. Watu walipiga kura Julai 30, Joseph Kabila akapata karibu asilimia 45 na Jean-Pierre Bemba asilimia 20, na kwa kuwa hakuna aliyefika nusu, mkarudi tena kwenye foleni Oktoba 29 kuchagua kati ya hao wawili. Ile ilikuwa duru ya pili. Januari 2011 katiba ikabadilishwa na duru ya pili ikafutwa, ndiyo maana katika uchaguzi wa Desemba 2018 Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa asilimia 38 na ushei. Hapo Lewiston pia mnayo duru ya pili kwa meya: asipopatikana mwenye zaidi ya nusu Novemba, wawili wa juu wanarudi kwa wapiga kura Desemba. Mwaka 2017 Ben Chin aliongoza Novemba, lakini Desemba Shane Bouchard akamshinda kwa kura 145. Wenzenu wa Portland walichukua njia nyingine. Tangu 2011 wanampanga meya kwenye karatasi moja, siku moja. Kura ya kupanga wagombea ni duru ya pili ambayo majibu yake umeyaandika mapema ili usirudi tena kituoni kwenye theluji ya Desemba.

Sasa tuje kwenye 2018, maana hapo ndipo maneno mengi yanapozaliwa. Nitakupa hesabu yenyewe, uifuate kwa kalamu ukitaka. Katika eneo lenu, raundi ya kwanza, Poliquin alipata kura 134,184 na Golden 132,013. Bond alipata 16,552 na Will Hoar 6,875. Poliquin alikuwa mbele kwa kura 2,171, lakini alikuwa na asilimia 46 tu, na sheria ya kinyang'anyiro hicho ilitaka zaidi ya nusu. Kwa hiyo Bond na Hoar wakatolewa, na karatasi 23,427 zilizokuwa zao zikaangaliwa tena, moja moja, kuona zilisema nini baada ya jina la kwanza. Karatasi 10,427 zilimtaja Golden mbele ya Poliquin. Karatasi 4,747 zilimtaja Poliquin mbele ya Golden. Zilizobaki, 8,253, hazikumtaja yeyote kati ya hao wawili, zikaishia hapo. Jumla ya mwisho: Golden 142,440, Poliquin 138,931.

Alinyang'anywa? Mimi nasema hapana, kwa sababu sheria hiyo ilijulikana kabla ya siku ya kura na wagombea wote wanne waliingia wakiijua. Poliquin alikwenda mahakama ya shirikisho kupinga, na Desemba 2018 Jaji Lance Walker akayakataa madai yake. Lakini usiwacheke wanaolalamika. Siku tisa zilipita bila mshindi kujulikana. Karatasi na kumbukumbu za mashine zilisafirishwa kutoka miji yote ya eneo hilo hadi Augusta, zikahesabiwa kwa kompyuta. Mtu aliyezoea karani wa mji wake atangaze matokeo usiku ule ule, palepale, ana sababu ya kuona kitu kimechukuliwa mbali na macho yake. Na mtu anayetoka kwetu, ambako masanduku yakisafiri matokeo nayo husafiri, anaelewa hofu hiyo vizuri sana.

Kuna jambo lingine ambalo wapenzi wa mfumo huu hawapendi kulitaja. Wanasema mshindi lazima apate zaidi ya nusu. Gawanya 142,440 kwa karatasi zote za raundi ya kwanza, 289,624. Utapata asilimia 49 na kidogo. Golden alipata zaidi ya nusu ya karatasi zilizokuwa bado zinahesabika mwishoni. Hakupata zaidi ya nusu ya zote zilizopigwa, kwa sababu ya zile 8,253. Hilo halimfanyi kuwa mshindi wa bandia, maana hata katika duru ya pili ya kawaida watu hubaki nyumbani. Ila ukisikia mtu anaapa mbele ya kamati kwamba mfumo huu unahakikisha wengi wameridhia, ujue amezidisha chumvi.

Sasa swali lako kubwa, la gavana. Kwa nini karatasi moja ina sheria mbili?

Chanzo cha yote ni mwaka 2010. Paul LePage alichaguliwa kuwa gavana kwa asilimia 37.6. Eliot Cutler, mgombea huru, alimfuata kwa tofauti isiyofika kura 10,000, na mgombea wa Democrats akawa wa tatu. Watu wengi wakaona kwamba zaidi ya nusu ya wapiga kura hawakumtaka mtu aliyeshinda, ila kura zao ziligawanyika. Baada ya hapo wananchi wakakusanya saini, na Novemba 2016 hoja ya kupanga wagombea ikapita kwenye kura ya maoni kwa asilimia 52, watu zaidi ya 388,000 wakisema ndiyo. Hoja hiyo iligusa karibu kila nafasi kubwa: gavana, Seneti na Baraza la Wawakilishi la jimbo, wabunge na maseneta wa kwenda Washington, na kura za mchujo za vyama.

Kumbe Katiba ya Maine ilikuwa na neno lake. Inasema gavana na wabunge wa jimbo huchaguliwa kwa kura nyingi kuliko wengine, si lazima nusu. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Hapo zamani ilidai nusu, na asipopatikana Bunge ndilo lililomchagua gavana. Mwaka 1879 hakuna aliyepata nusu, vyama vikagombania hata nani ni mbunge halali, watu wenye silaha wakaingia Augusta, na Januari 1880 jenerali mstaafu Joshua Chamberlain akalazimika kulinda jengo la Bunge kwa siku kumi na mbili ili damu isimwagike. Mwaka huo huo kanuni ya gavana ikabadilishwa: mwenye nyingi kuliko wengine ashinde, mambo yaishe. Kwa hiyo anayekwambia kanuni hii ni ya kijinga hajasoma historia ya jimbo lake. Iliwekwa na watu walioogopa vita.

Mwaka 2017 Seneti ya jimbo iliiuliza Mahakama ya Juu ya Maine kama sheria mpya inapatana na Katiba. Mei 23 majaji wote saba walijibu kwa sauti moja: kwa gavana na wabunge wa jimbo katika uchaguzi wa Novemba, haipatani. Aliyeongoza raundi ya kwanza tayari ana kura nyingi kuliko wengine, na Katiba inasema huyo ameshinda, huwezi kuendelea kuhesabu. Jibu hilo ni ushauri, si hukumu ya kesi, lakini ni ushauri ambao hakuna ofisi iliyothubutu kuupuuza. Nafasi za Washington haziguswi na kifungu hicho, kwa sababu Katiba ya Marekani inaachia mabunge ya majimbo kuweka namna ya kuwachagua. Kura za mchujo nazo zinaongozwa na sheria ya kawaida, si Katiba ya jimbo. Ndiyo sababu Juni 2018 wanachama wa Democrats waliwapanga wagombea ugavana saba, Janet Mills akashinda baada ya raundi kadhaa, kisha Novemba jina hilo hilo la Mills likawekwa kwenye sehemu ya karatasi isiyo na kupanga.

Bunge lilifanya nini baada ya ushauri huo? Hapa ndipo wananchi wengi waliudhika, na mimi naona walikuwa na haki. Lingeweza kuondoa zile nafasi tatu zilizogongana na Katiba (gavana, Seneti na Baraza la jimbo) na kuacha nyingine ziendelee. Lingeweza pia kupeleka marekebisho ya Katiba kwa wananchi. Badala yake, Oktoba 2017 lilipitisha sheria ya kuahirisha mfumo mzima hadi mwishoni mwa 2021, na kuufuta kabisa kama Katiba haitakuwa imebadilishwa. Maine ina haki ambayo sisi wengi hatukuizoea: wananchi wakikusanya saini za kutosha ndani ya muda, wanaweza kuisimamisha sheria ya Bunge na kuipigia kura wao wenyewe. Saini zilikusanywa katikati ya baridi. Juni 12, 2018 wananchi wakaitupa sehemu hiyo ya sheria kwa takriban asilimia 54, na siku hiyo hiyo, kwenye karatasi hiyo hiyo, wakatumia mfumo huo kwa mara ya kwanza katika mchujo. Mwaka 2019 Bunge likauongeza hadi kwenye urais. Gavana Mills hakutia saini wala hakuupinga, akauacha uwe sheria wenyewe, na Novemba 2020 Maine ikawa jimbo la kwanza kumpigia rais kura kwa namna hiyo.

Mjadala mnaousikia kanisani umerudi Augusta zaidi ya mara moja, ukiwemo muswada LD 1666 wa mwaka 2025 wa kuwaingiza gavana na wabunge wa jimbo. Wanaounga mkono wana hoja ya kisheria yenye uzito: mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Alaska ilitazama jambo karibu lile lile, ikasema waziwazi haikubaliani na wenzao wa Maine, kwamba raundi zote ni sehemu ya hesabu moja na mshindi ni mwenye kura nyingi mwisho wa hesabu. Wanaopinga wanajibu kwamba majaji wa Alaska hawatafsiri Katiba ya Maine, na ushauri wa 2017 haujafutika.

Mimi msimamo wangu ni huu, na uuchukue kama wa mtu mmoja. Napenda kupanga wagombea pale walipo wengi, hasa kwenye mchujo wa watu saba kama ule. Lakini kwa gavana ningetaka mlango wa mbele: marekebisho ya Katiba, theluthi mbili ya Baraza la wajumbe 151, theluthi mbili ya Seneti ya watu 35, kisha wananchi waamue. Ndiyo, najua theluthi mbili haipatikani, kwa sababu Republicans wengi wa Maine wanaupinga mfumo huu na hawatatoa kura zao. Hiyo ndiyo maana waungaji mkono wanatafuta njia ya sheria ya kawaida. Nawaelewa. Naogopa tu uchaguzi wa gavana ambao mshindi wa raundi ya kwanza na mshindi wa raundi ya mwisho ni watu wawili tofauti, halafu wote wawili wana mawakili.

Kama jirani yako anasema mfumo huu ni ujanja wa chama kimoja, mkumbushe Virginia. Mwaka 2021 Republicans wenyewe walitumia karatasi ya kupanga kumchagua mgombea wao wa ugavana, Glenn Youngkin, na akashinda Novemba. Kama anasema hauna dosari, mpeleke Alaska, Agosti 2022, kiti cha Congress (Bunge la Marekani) kilichoachwa wazi. Mary Peltola aliongoza, Sarah Palin wa pili, Nick Begich wa tatu akatolewa, Peltola akashinda. Karatasi zilipochambuliwa baadaye ilionekana Begich angemshinda kila mmoja wao kama wangesimama wawili wawili. Mtu wa katikati aliyekubalika kwa wengi alitoka mapema kwa sababu wachache walimweka wa kwanza. Inatokea mara chache, lakini inatokea. Mwaka huo huo wa 2022 mabunge ya Florida na Tennessee yaliupiga marufuku mfumo huu kabisa, kwa hiyo mjadala wenu si wa Maine peke yake.

Tuje kwenye karatasi yenyewe, kwa ajili ya mara ijayo. Majina ya wagombea yamepangwa kwenye mistari ya kulala, na machaguo kwenye safu za kusimama. Jaza kiduara kimoja kwa kila safu, na kimoja kwa kila mgombea. Huhitaji kuwapanga wote. Ukitaka mmoja tu, jaza mmoja na uishie hapo. Ukiruka safu moja kwa bahati mbaya, hesabu inasogea kwenye inayofuata, lakini ukiruka mbili mfululizo, kura yako ya nafasi hiyo inaishia hapo. Ukijaza viduara viwili ndani ya safu moja, inaishia hapo pia, kwa nafasi hiyo tu. Kura zako za nafasi nyingine haziguswi. Ukikosea, usifute wala usichore juu. Irudishe kwa msimamizi, omba nyingine. Hakuna atakayekugombeza.

Kuhusu lugha: sheria ya shirikisho inayolazimisha karatasi za lugha nyingine inataja Kihispania, lugha za Kiasia na za wenyeji wa Marekani na Alaska, kwa hiyo Kiswahili hakimo. Usisubiri karatasi ya Kiswahili. Badala yake, wiki chache kabla ya uchaguzi nenda ofisi ya karani wa jiji uombe karatasi ya mfano, ukae nayo mezani na mtu anayesoma Kiingereza. Na kama huwezi kusoma karatasi, sheria ya haki ya kura ya 1965 inakuruhusu kuingia na mtu wa kukusaidia unayemtaka mwenyewe, mtoto wako au jirani, mradi asiwe mwajiri wako, wakala wake, wala afisa wa chama chako cha wafanyakazi. Mtu akikuzuia kituoni, muulize msimamizi mkuu wa kituo palepale, usiondoke kwanza.

Sasa Bungeni. Ndiyo, unaruhusiwa kabisa. Maine ni jimbo ambalo karibu kila muswada unasikilizwa hadharani kabla ya kupigiwa kura, na miswada ya uchaguzi huenda kwenye Kamati ya Maveterani na Masuala ya Sheria. Unaweza kufika Augusta, kuzungumza kwa mtandao, au kutuma maandishi. Kwa kawaida utapewa dakika tatu. Usiende na hotuba ya kurasa tano; itakatwa katikati, nimeshaona watu wakikatwa wakiwa bado wanawasalimu wajumbe. Mpigie karani wa kamati siku kadhaa mapema, mwambie unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Ukishindwa kumpata, andika kwa Kiswahili, mtu unayemwamini atafsiri, utume zote mbili.

Na usijilazimishe kuwa mtaalamu wa Katiba. Kamati ina mawakili wake. Lenye thamani ni lile ulilolipitia mwenyewe: "Waheshimiwa wenyeviti na wajumbe wa kamati, naishi Lewiston. Mwaka 2022 nilipiga kura yangu ya kwanza. Karatasi moja ilikuwa na kanuni mbili na hakuna aliyenieleza. Nilijaza jina moja kote kote." Sentensi hizo zitasikilizwa kuliko takwimu zangu zote. Ila jua kwamba zinakata pande zote mbili. Mjumbe mmoja atasema, basi nafasi zote zipangwe ili kanuni iwe moja. Mwingine atasema, basi isipangwe hata moja. Kabla hujaketi kwenye kile kiti, amua wewe unataka lipi, au sema wazi kwamba unataka pesa za kuelimisha wapiga kura vyovyote watakavyoamua, ambalo kwa maoni yangu ndilo ombi lenye nguvu zaidi kwa mtu wa hali yako.

Baada ya kusikilizwa, kamati hukaa tena kuujadili muswada na kutoa mapendekezo, mara nyingi yakiwa yamegawanyika. Kisha huenda kwenye mabaraza yote mawili, na mwisho kwa gavana. Wakati huo barua au simu kwa mwakilishi wako mwenyewe ina uzito kuliko kurudi kwenye kamati. Ofisi ya karani wa jiji itakwambia mwakilishi wako ni nani kwa anwani ya nyumba yako.

Nimeliacha la mume wako mwisho, na hapa sitaki masihara. Kusema mbele ya kamati ni halali kwake. Kamati haiulizi uraia. Ajue tu kwamba jina lake na maneno yake vitawekwa wazi kwenye kumbukumbu za Bunge, na kama ana kesi yoyote ya uhamiaji inayoendelea, amuulize wakili wake kabla ya kwenda. Kupiga kura ni jambo jingine kabisa. Mwenye kadi ya kijani hapigi kura ya shirikisho wala ya jimbo la Maine, wala hajiandikishi, hata kama mtu dirishani kwenye ofisi ya leseni za magari amempa fomu kwa nia njema na kumwambia asaini. Kujitaja kuwa raia kwenye fomu ile kunaweza kumnyima uraia na hata kumrudisha alikotoka. Kama amewahi kusaini kitu na hakumbuki kilikuwa nini, asikisie, na asiende kuuliza kwa karani. Aende kwa wakili wa uhamiaji ana kwa ana, na karatasi zote alizo nazo, kabla hajajaza fomu ya kuomba uraia.